Zamu ya Mwisho

Wanawake walikuwa wanane, lakini karatasi zilizokunjwa na kutiwa ndani ya kofia ya sufi ya Milcah zilikuwa saba tu. Ya nane Rahab alikuwa ameshaichukua bila kura. Alisema kwamba yeye kama mwenyekiti atajengewa nyumba ya mwisho, wenzake watangulie. Walimpigia makofi mpaka mikono ikawasha. Milcah, aliyekuwa katibu, aliandika kwenye kitabu cha chama kwamba mwenyekiti amejitoa mhanga kwa ajili ya upendo, na Rahab akamwacha aandike.

Upendo gani! Rahab alikuwa amemaliza miaka kumi na tisa kwenye shamba la maua kando ya ziwa la Naivasha, kumi na mmoja kati yake akiwa msimamizi katika banda la kufungia waridi, na kama kuna jambo alilolijua kuliko Zaburi, ni kwamba mashada ya kwanza ya mfungaji mgeni hutupwa. Mkono bado haujazoea. Unakata mabua upande, unachubua petali, unakaza raba hadi majani yanavunjika. Ngoja afike shada la hamsini, hapo ndipo kazi inaanza kuwa ya kupandishwa ndege. Sasa fundi wa nyumba naye si ni mkono tu? Nyumba ya kwanza ataikosea, ya pili ataikosea kidogo, na akifika ya nane atakuwa ameiva. Basi wenzake wawe mashada ya kutupwa. Hilo alilifikiria akiwa amesimama pale pale akipigiwa makofi, na moyo wake ukaona raha.

Wote wanane walikuwa wamepanga vyumba vya mtu mmoja kule mtaa wa Karagita, vile vya ukuta wa mabati ambavyo jirani akikohoa wewe ndiye unayetafuta dawa. Walichanga miaka mingi, wakanunua shamba upande wa Rongai, wakaligawa vipande vinane, kisha wakatafuta mtu wa kuwajengea moja baada ya nyingine. Wakampata Levis. Levis alikuwa kontrakta mwenye pikapu ya samawati, viatu visivyoshika vumbi na ulimi laini kuliko parachichi. Alimwita kila mwanamke "mathe", yaani mama, isipokuwa Rahab, ambaye alimwita "chairlady" akiinamisha kichwa.

Rahab hakuwa anatafuta nyumba ya kujivunia tu. Mama yake, ambaye yeye humwita Maitu, alikuwa Elburgon, kwenye kibanda cha mabanzi nyuma ya nyumba ya kaka yake Rahab, Kinyanjui. Baridi ya Mau ilikuwa inaingia humo bila kubisha hodi. Macho ya Maitu yalikuwa yamekufa kwa ukungu, na mke wa Kinyanjui alikuwa akimwekea chakula nje ya mlango na kuondoka bila kusema neno, kisha kuku wanakuwa wa kwanza kukionja. Rahab alikuwa ameapa kumtoa. Alimwahidi chumba cha mawe, cha kona, dirisha likitazama jua la asubuhi. Maitu alikuwa akimkumbusha kwenye simu kila Jumapili, "Chumba changu kimefika wapi?" kana kwamba kiko njiani kinakuja kwa miguu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Chepkurui, mjane mtaratibu mwenye binti mmoja katika shule ya bweni. Udongo wa pale ni mwepesi, ukiushika unapita katikati ya vidole kama unga. Levis alichimba shimo la choo hatua mbili kutoka kona ya nyumba, kwa sababu hapo palichimbika haraka. Mvua ya kwanza ilipoingia, udongo ukatelemka shimoni na kona ikaufuata. Ukuta wa chumba cha binti ulipasuka kutoka dirishani hadi sakafuni, ufa wa kupitisha kiganja.

Chepkurui alileta picha kwenye mkutano. Simu ilipita mkono hadi mkono, wanawake wakashika midomo. Rahab aliitazama muda mrefu kuliko wote. Alikuwa na macho yanayoona petali iliyochubuka kutoka mwisho wa meza, kwa hivyo ule ufa aliuelewa vizuri sana. Lakini alielewa pia kwamba Levis akishtakiwa kwa chifu, atawasha pikapu yake na nyumba saba zitabaki kwenye karatasi, yake ikiwa ya mwisho kwenye foleni hiyo.

"Chepkurui," alisema, "wewe tayari unalala kwa nyumba ya mawe. Sisi bado tuko Karagita tunasikia watu wakikojoa. Sasa unataka fundi atoroke ndio ufurahi?"

"Chairlady, sijasema atoroke. Nimesema arudie kona."

"Atarudia. Lakini hii kelele yako itatumaliza."

Hapo hapo akamwamuru Milcah afungue kitabu, na akamsomea polepole kanuni ya saba, neno kwa neno, ili isije ikaandikwa vibaya: mwanachama yeyote haruhusiwi kusema ubaya wa kazi ya fundi, kwa mwanachama mwenzake wala kwa mtu wa nje, mpaka nyumba ya mwisho imalizike. Wote walitia sahihi. Chepkurui alitia ya mwisho, na kalamu ikatoboa karatasi. Hata hivyo Rahab hakuridhika. Levis aliitwa kutoka nje, na Chepkurui akaambiwa amwombe msamaha kwa kumharibia jina. Akaomba. Milcah akafunga kwa sala, akimshukuru Mungu kwa roho ya umoja.

Watu walipotawanyika, Rahab alimvuta Levis kando ya pikapu.

"Pale piga plasta, upake rangi. Sitaki mtu aone."

"Chairlady, hiyo ni kitu kidogo," Levis akasema, akitabasamu kama mwanafunzi aliyepewa jibu la mtihani.

Nyumba ziliendelea kuota. Kwa Milcah mlango wa mbele ulikataa kufungika tangu siku ya kwanza, akawa anauegemezea gunia la mahindi, na ukimuuliza anakwambia anapenda hewa. Mwingine sakafu yake iliinama, chungwa likidondoka jikoni unalifuata sebuleni. Walikutana kila mwezi, wakala chapati, wakamsifu fundi. Kanuni ya saba ilishika vizuri kuliko simiti ya Levis.

Mwishowe ikafika zamu ya mwenyekiti. Rahab alihamia kwa Milcah ili aisimamie kazi yake mwenyewe, na alikuwa mkali kweli. Alihesabu mawe, akatia kidole kwenye kila mchanganyiko wa simiti, akamfukuza kibarua mmoja kwa kumpigia mluzi. Alimwonyesha Levis mahali pa kuchimba shimo la maji taka, mbali kabisa, karibu na ua wa michongoma.

"Si hapa, si pale. Huko. Mimi si Chepkurui."

"Chairlady, wewe ni boss," Levis akasema.

Zikabaki siku nne nyumba ikabidhiwe, shimo peke yake likiwa halijachimbwa. Rahab akapanda gari kwenda Elburgon kumchukua Maitu, na huko akakawia, kwa sababu mke wa Kinyanjui ghafla aligundua kwamba anampenda mama mkwe na hataki aondoke, hasa blanketi zake. Ugomvi wa blanketi ulikula siku tatu nzima.

Aliporudi Jumamosi, akimshika Maitu mkono, hema lilikuwa limesimamishwa kwenye kona ya nyumba, upande wa jua la asubuhi, mikeka imetandazwa chini, masufuria ya pilau yamepangwa juu ya meza. Wanawake saba walikuwa wamevaa leso zinazofanana. Walimpokea kwa vigelegele. Rahab akauliza kitu kimoja tu kabla ya kufurahi.

"Levis, shimo liko wapi?"

Levis alinyoosha mkono kwenye ua, ambako kulikuwa na kichuguu cha udongo mpya. Rahab akakiona, akatosheka.

Maitu aliingizwa chumbani mwake kwa nyimbo. Hakuwa na macho ya kukitazama, kwa hivyo alikitazama kwa mikono. Alipapasa dirisha, akapapasa kitanda, akaufuata ukuta mpaka kwenye kona. Hapo mkono ukasimama.

"Rahab. Huu ukuta ni mbichi."

"Ni rangi, Maitu. Wamepaka juzi."

"Rangi naijua. Hii ni simiti ya jana. Huku kwingine kumekauka, na hapa kunatoa maji."

Rahab alimfinya kifundo cha mkono. "Nyamaza, Maitu, kuna watu," akamwambia kwa Kikuyu, akicheka na meno yote ili wageni wasielewe. Wimbo ulikuwa umekatika. Wanawake saba walikuwa wamesimama mlangoni bila kupepesa. Kisha Milcah akaupandisha upya, juu zaidi, na wengine wakamfuata. Rahab aliusikia ule ukimya, akadhani ni heshima kwa mzee. Siku hiyo hiyo alitia sahihi, kama mwenye nyumba na kama mwenyekiti, kwamba kazi zote nane zimekamilika na chama kimeridhika.

Siku tisa baadaye mvua ilinyesha kutoka asubuhi. Ilipopungua saa nane mchana, Rahab alikwenda kusaga mahindi. Alikuwa bado kwenye foleni ya kinu alipoona watu wakikimbia. Alipofika nyumbani akaona mwanga ukiingia mahali pasipokuwa na dirisha. Kona nzima ilikuwa imeshuka ndani ya ardhi, na chini yake, pale pale hema liliposimama siku ya sherehe, kulikuwa na shimo kubwa lililojaa maji meusi. Mawe yalikuwa yameangukia kitanda upande wa miguuni. Chepkurui ndiye aliyekuwa ameingia peke yake chini ya ukuta unaoning'inia na kumtoa Maitu, akimburuta kwa kwapa. Mguu wa mama ulikuwa umevunjika mara mbili chini ya goti. Hakuwa analia. Alikuwa anauliza kama ni mabati yameng'oka.

Walirudi kutoka hospitali siku tatu baadaye, Maitu akiwa na mguu mweupe wa plasta. Chepkurui aliwaambia mama alale kwenye chumba cha binti yake mpaka shule zifungwe. Rahab angeweza kulala jikoni kwake mwenyewe, kule paa lilikobaki. Hakumwambia karibu.

Rahab akaitisha mkutano. Alikuwa amempigia Levis simu mara ishirini. Zamani, wanawake saba walipokuwa wanangoja zamu, Levis alikuwa akishika simu kabla haijalia mara ya pili. Sasa alishika mara moja tu, akasema, "Mathe, kazi si iliisha? Mlitia sahihi," akakata. Ni neno la mathe lililomchoma kuliko yote. Alisimama mbele ya wenzake.

"Lile shimo kwa ua lilikuwa la uongo, nimelifukua. Aligonga mwamba, akalifunika, akaja kuchimba kwa kona. Na nyinyi mlikuwa hapa siku zote nne. Mlijua?"

Milcah alifungua kitabu, akalowesha kidole, akatafuta ukurasa. Akasoma kanuni ya saba kwa sauti ile ile anayosomea kumbukumbu za mkutano uliopita.

"Tulikuwa tumekaa hapo kwa nyasi," Chepkurui akasema Milcah alipomaliza. "Mvua ilinyesha Alhamisi, ukuta ukapasuka tukiangalia. Ijumaa akapiga plasta. Alifanya vizuri, laini kabisa. Nilikuwa na simu mkononi."

"Na hukunipigia!"

"Nyumba ya mwisho haikuwa imeisha, chairlady."

Mmoja alicheka puani. Rahab akawatazama mmoja mmoja, akitafuta uso wa kusutika, na hakuupata. Kila neno lililokuwa kwenye kile kitabu lilikuwa lake. Pale ndipo alipoona alivyojidanganya. Mkono wa fundi ulikuwa umezoea kweli, ila ulizoea kuficha. Na mtu wa nyumba ya kwanza angalau ana watu saba nyuma yake ambao fundi bado anawahitaji. Wa mwisho hana mtu.

Siku zilienda. Kila asubuhi Rahab alikwenda kwa Chepkurui kumwosha mama yake, akipita ukutani penye kovu refu la rangi isiyofanana, lililopakwa kwa amri yake. Maitu alikuwa ameshalijua kovu lile kwa vidole. Hakuuliza lilitoka wapi. Aliuliza jambo moja tu.

"Shule zinafungwa lini?"

"Bado wiki tatu."

"Usinirudishe kwa Kinyanjui. Afadhali unilaze huko kwa shimo lako."

Rahab alitoka nje akalia nyuma ya tangi, mdomo umezibwa na leso, kwa sababu hakutaka Chepkurui apate hata hilo.

Ndipo Levis akapiga simu mwenyewe. Sauti ilikuwa imerudi kuwa parachichi.

"Chairlady! Umenisahau? Sikiza, kuna chama ya Karagita, watu kumi na wawili, wanataka mtu wa kuwajengea. Jumamosi nawaleta waone kazi. Wewe ongea nao vizuri tu. Jumatatu naleta mawe, nakuinulia hiyo kona, na shimo nahamisha bure. Shosho arudi kwa chumba chake."

"Ulete mawe kwanza."

"Aki chairlady, bila hiyo kazi mawe natoa wapi? Tuelewane."

Ijumaa alituma turubai la samawati la kufunika kona. Rahab alilifunga mwenyewe.

Jumamosi pikapu ilifika na wanawake sita nyuma. Aliyeruka wa kwanza alikuwa Jackie, mwenyekiti wao, msichana aliyefundishwa kazi na Rahab kule kwenye banda la maua. Alimkumbatia hadi kilemba kikateleza. Wakatembezwa nyumba kwa nyumba. Kwa Milcah gunia la mahindi lilikuwa limesukumwa kando, na mlango umeachwa wazi kwa ajili ya hewa. Wageni walipouliza juu ya fundi, kila mmoja alijibu vile vile.

"Muulizeni chairlady. Yeye ndiye msemaji."

Kanuni ya saba ilikuwa imeshakwisha nguvu, kila mmoja wao angeweza kusema. Hawakusema. Walijipanga kando ya ua wakiwa wamekunja mikono, wakingoja kumwona Rahab. Walikuwa wamengoja muda mrefu kuona kitu kama hicho na hawakutaka kukiharibu.

Jackie alimshika Rahab mkono, akamsogeza karibu na dirisha la chumba cha binti wa Chepkurui, mbali na Levis aliyekuwa anafuta kioo cha pikapu.

"Madam, wewe ndiye ulinifundisha kuingiza kidole katikati ya shada nitafute ua bovu. Niambie ukweli. Huyu mtu anajenga?"

"Anajenga."

"Na ile turubai?"

"Tunaongeza chumba cha mama."

Jackie akapumua. Uso wake ulikuwa umechoka, uso wa mtu anayefanya hesabu ya mvua na mabati kila siku. "Basi kesho tunapiga kura za zamu. Mimi na watoto wangu wawili, na mdogo ana kifua. Nikiwa chairlady, nichukue ya ngapi?"

Rahab alijua jibu. Alilijua kama jina lake. Chukua ya kwanza, Jackie, na usitie sahihi kitu, na shimo ulisimamie mwenyewe mpaka mwisho. Alifungua mdomo. Kule mbele Levis alikuwa ameacha kufuta kioo, kitambaa mkononi, anamtazama. Kule kwenye ua wenzake saba walikuwa wanamtazama. Wiki tatu zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

"Chukua ya mwisho," akasema. "Mashada ya kwanza hutupwa. Si unakumbuka?"

Jackie akacheka, akamkumbatia tena, akamwambia Mungu amzidishie. Levis akapiga honi kidogo. Wanawake wa Karagita wakapanda, mmoja akaanzisha wimbo, pikapu ikageuka kwa vumbi.

Rahab aliingia chumbani kwa mama yake. Dirisha lilikuwa wazi tangu asubuhi. Maitu alikuwa ameketi kitandani, mguu mweupe juu ya mto, mkono mmoja ukiwa juu ya lile kovu la ukutani.

"Mawe yamekuja?" akauliza.

"Jumatatu, Maitu."

"Na wewe umeshasema?"

Rahab alikwenda kufunga dirisha. Mama yake akaondoa mkono ukutani, akaanza kupapasa chini ya kitanda akitafuta mfuko wake wa blanketi, zile zile zilizotoka Elburgon. Akaupata, akauweka mapajani, akaanza kukunja.

"Nipigie Kinyanjui," akasema. "Mwambie afagie."